Jumatatu ya Uhakiki

Mimi nalipa kodi Guangzhou. Naanza na hilo kwa sababu ndilo watu wa kwetu wasiloliamini. Wengi wanaokuja huku wanakuja kwa viza ya siku thelathini: wananunua, wanafunga mzigo, wanaondoka. Mimi nina kibali cha kazi. Nina stashahada ya usafirishaji wa mizigo niliyoisomea hapahapa kwa Kichina, darasani nikiwa Mwafrika peke yangu, na mtihani wa mwisho nilishika nafasi ya nne kati ya Wachina wenyewe. Kila mwezi, kabla mshahara haujanifikia mkononi, serikali imeshakata chake. Nina cheti chake. Ukinitembelea nitakuonyesha.

Sikufika hapa kwa kushikwa mkono na mtu. Nilianza kwa kuwatembeza akina mama wa Kariakoo katika maduka ya jumla ya mtaa wa Guangyuan Xilu, nikiwatafsiria bei na kuwabebea mifuko, mabega yakichubuka mpaka usiku nikilala kifudifudi. Kwa kazi hiyo nikajilipia ada ya chuo. Ulipokuja ugonjwa uliofunga dunia nilirudi Tabora, nikakaa karibu miaka mitatu, na watu wakasema habari yangu imekwisha. Wengi waliorudi nyumbani wakati ule hawakuweza kuja tena. Mimi nilikuja. Kampuni ilinitafuta yenyewe.

Kuna mama mmoja wa Kizanzibari mwenye mgahawa ghorofa ya pili, hatua chache kutoka barabara ya Huanshi Zhonglu, ninakokula mchana. Yeye ndiye aliyenipa jina la Mlipa Kodi. Nikiingia tu anapaza sauti mpaka wateja wote wageuke:

"Haya, mpisheni Mlipa Kodi! Leo kaka utakula nini na sisi wakwepaji?"

Mimi sikukasirika hata siku moja. Jina lenyewe ni sifa.

Mwaka juzi nilimleta baba yangu kunitembelea. Hilo nalo si kila mtu analiweza, maana mwaliko wa mzazi unataka mtu mwenye mkataba wa kazi na anwani iliyoandikishwa polisi. Nilimkatia tiketi ya wiki tatu. Alishuka uwanja wa ndege amevaa koti la suti juu ya kanzu, kashika mfuko wa plastiki wenye chupa mbili za asali ambazo sijui alizipitishaje. Wiki mbili za kwanza nilimwonyesha kila kitu. Nilimpeleka Guangyuan Xilu nikamwonyesha ngazi nilizokuwa nikipanda na marobota. Alisimama chini ya zile ngazi, akaziangalia hadi juu, watu wenye mikokoteni wakimzunguka kwa kelele.

"Hizi zote?" akaniuliza.

"Hizi zote, baba. Mara kumi kwa siku."

Akanishika bega, akalibonyeza kidogo, kama anayekagua papai sokoni. Sina picha ya siku ile. Nina hilo bega.

Sasa inabidi nieleze habari ya baba yangu na vita. Baba hakuwa mwanajeshi wa kuandikwa. Alikuwa mgambo. Vita vya Uganda vilipoanza yeye alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, akapanda lori pamoja na wenzake wa Tabora, wakaenda, wakapigana, na waliobaki wakarudi. Wanajeshi wa kuandikwa walikuwa na pensheni yao. Wale wa lori walirudi mashambani na kwenye karakana. Baba hakulalamika, lakini kila redio ilipotaja malipo ya wapiganaji wa zamani aliongeza sauti, akainamisha kichwa, kisha habari ikiisha akaipunguza tena. Nimekua nikiuona mkono wake kwenye kile kitufe.

Katika watu wa lori lao walikuwa wamebaki wawili: baba na rafiki yake mmoja, Mzaramo aliyekwenda Tabora zamani kufanya kazi karakana ya reli na hakurudi tena pwani. Sisi ni Wanyamwezi, na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Wakikutana wale wazee wawili ni matusi matupu, na asiyejua mila angeita polisi. Yule mzee alikuwa amehamia kwa binti yake, mbali huko kwenye njia ya reli ya Kigoma, na miguu ilikuwa imeanza kumkatalia. Walikuwa hawajaonana miaka sita.

Wiki ya tatu ya ziara ya baba, tukiwa mezani, simu yangu ikalia. Ni huyo mzee, anatumia simu ya mjukuu wake. Uso wake ulijaa kioo kizima, pua kwanza.

"Wewe Mnyamwezi! Napiga simu kwako naambiwa umekwenda China. Umekwenda kumuuzia nani asali?"

"Nimekuja kutafuta Mzaramo mwenye akili," baba akasema. "Huku nako wanasema mzigo haujafika."

Walicheka mpaka wakakohoa. Kisha yule mzee akatoa habari yenyewe. Wilaya ilikuwa imetangaza uhakiki. Wote waliopigana na ambao hawamo kwenye orodha ya pensheni wafike ukumbini Tabora, Jumatatu ya wiki inayofuata, siku moja tu, ili majina yao yaingizwe kwenye orodha ya kifuta jasho. Kila mtu afike mwenyewe kwa miguu yake. Na kila mtu awe na shahidi wa kikosi chake, aliye hai, atakayesimama aseme: huyu alikuwepo.

"Shahidi wangu ni wewe," yule mzee akasema. "Na wako ni mimi. Hakuna mwingine duniani. Usije ukafia huko kwa Wachina kabla ya Jumatatu."

"Nitakuwepo," baba akasema. "Tiketi yangu ni ya Alhamisi."

Hapo ndipo mambo yote yalipowekwa wazi, na mimi nilikuwepo nasikia. Baba angeondoka Alhamisi, Ijumaa afike Dar, Jumamosi basi, Jumapili alale kwake, Jumatatu asimame ukumbini na mwenzake. Asipokuwepo, wawili wale wote hawaandikwi. Usiku huo alinyoosha kanzu yake mwenyewe, siku tatu kabla ya safari.

Kosa nililofanya nitalieleza bila kulipamba.

Wiki hiyohiyo serikali ya mji ilitoa vocha. Biashara zilikuwa zimelala tangu ugonjwa, na serikali ilitaka watu watoe pesa mifukoni, basi ikawa inagawa punguzo kwa njia ya simu: ukila hotelini kwa kiasi fulani, serikali inakulipia sehemu. Zilitoka saa nne asubuhi, na mji mzima ulikuwa umekaa umekodolea simu. Jamaa zangu wa viza ya siku thelathini walijaribu, simu zikawakataa. Yangu ilinitazama uso, ikazunguka, ikafikiri, ikakubali.

Nilishuka mbio mpaka mgahawani kwa Mzanzibari, nikamwekea simu mbele ya macho.

"Unaona? Imeandikwa jina langu. Mwafrika gani mwingine unamjua?"

Akafuta mikono, akasoma punguzo. "Yuani hamsini."

"Sikuonyeshi hamsini. Nakuonyesha haki. Mimi nimo kwenye kumbukumbu zao. Nalipa, na wao wananilipa."

"Basi tule leo."

"Inaanza kutumika Jumamosi."

"Mzee si anaondoka Alhamisi?"

Nilikuwa nimeshaamua njiani. Nilitaka baba yangu akae mezani aone serikali ikimlipia mwanawe chakula. Mtu aliyeongeza sauti ya redio maisha yake yote, nilitaka mara moja alione hilo jambo kwa macho, likitokea kwa mtu wa damu yake. Mkisema ni majivuno, sawa. Lakini hayakuwa ya kwangu peke yangu.

Nikasogeza tiketi. Nafasi iliyofuata ilikuwa Jumanne.

Na ule uhakiki? Hapo ndipo usomi wangu uliponidanganya, pamoja na mazoea ya mji huu. Mtu akikaa Guangzhou miaka mingi anajifunza mambo mawili. La kwanza, hakuna ofisi ya kwenda. Kodi, hospitali, benki, vyote vinakutazama uso kwenye simu na vinakujua. La pili, karatasi yenye muhuri mwekundu wa mviringo, wenye nyota katikati, haipingwi na mtu. Bila muhuri ule hujasema kitu. Ukiwa nao umemaliza. Sisi wa huku tunauheshimu kuliko pasipoti. Nimeona mfanyabiashara wa Mombasa akiubusu.

Basi nikaandika barua, Kichina upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, kwamba mzee huyu yu hai, yupo Guangzhou kwa mwanawe mlipa kodi, na kwamba alipigana pamoja na mzee fulani ambaye naye anamtambua. Nikampelekea laoban, bosi wangu. Hakuuliza kitu. Akafungua droo, akapumulia muhuri, akaugandamiza. Nyekundu safi. Nikapiga picha, nikaituma wilayani kwa namba iliyokuwa kwenye tangazo, nikaandika kwamba siku yenyewe wazee wote wawili watatoa ushahidi kwa video. Alama mbili za buluu zikaonekana: imesomwa. Hakuna aliyejibu. Nikachukua ukimya kuwa ndiyo.

Baba nilimwambia jioni. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kibarazani, anaangalia nguo za majirani zikining'inia.

"Una hakika watakubali?" akauliza.

"Baba, hii ndiyo kazi yangu. Kila siku napitisha mizigo forodhani kwa karatasi. Watu nao ni hivyohivyo."

"Na mwenzangu?"

"Barua inamtaja na yeye."

Baba akasema, "Wewe ndiye unayejua." Akainuka akaichukua kanzu yake iliyokuwa kwenye hanga mlangoni, akaikunja, akairudisha kwenye begi.

Alimpigia mwenzake mwenyewe. Mimi nilikuwa jikoni, lakini sauti ya yule mzee ilikuwa inavuka kuta.

"Karatasi ya Mchina ndiyo itakayosimama kunishuhudia mimi? Ilikuwepo kwenye lori?"

"Mwanangu anasema inatosha."

"Mwanao alikuwa kwenye lori?"

"Basi, Mzaramo. Nenda tu ukae. Sisi tutakuwepo kwenye simu."

Mzanzibari naye aliniambia. Aliniita pembeni Ijumaa, bila kunitania, na yeye kutotania ni jambo la kushtua. "Kaka, mpeleke mzee wa watu kwao. Hamsini hii nitakupa mimi." Nikamwambia haelewi. Nikamwambia yeye hana hata mkataba wa kazi.

Jumamosi tukaenda kula. Ilikuwa hoteli ya Waislamu wa China, wale wanaovuta tambi kwa mikono, na baba alifurahi kuona maandishi ya halali juu ya mlango. Niliagiza kondoo wa kuchoma, maandazi ya mvuke, tambi, chai ya maua. Alikula polepole, akisifu kila kitu. Wakati wa kulipa nikamsogezea simu aone: bei kamili, kisha mstari mwekundu wa punguzo, kisha bei mpya.

"Hii sehemu imelipwa na serikali," nikasema.

"Kwa sababu gani?"

"Wanataka watu watumie, biashara zichangamke. Na mimi wananipa kwa kuwa nalipa kodi."

Hilo la mwisho, kusema kweli, sikuwa na uhakika nalo. Simu haikuniuliza kodi. Iliuliza uso na namba. Lakini nililisema, na nililisema kwa sauti.

"Walikuita mahali?"

"Hapana, simu tu."

"Hakuna mtu aliyeulizwa kama ni wewe?"

"Hakuna, baba. Mfumo unanijua."

Akatikisa kichwa taratibu, kwa mshangao wa kweli, akatazama ile simu kama anayemtazama mgeni wa heshima. "Basi wameendelea," akasema. Kisha akanikumbatia kwa mkono mmoja, pale mezani, mbele ya wahudumu. Baba yangu si mtu wa kukumbatia. Nikisema kwamba chakula kile kilikuwa kitamu kuliko vyote nilivyowahi kula nitakuwa sijadanganya, na ndiyo maana mpaka leo sijui niseme nini juu ya Jumatatu iliyokifuata.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini. Tabora iko nyuma ya Guangzhou kwa saa tano, kwa hiyo saa saba mchana kwetu ilikuwa saa mbili asubuhi kwao, ukumbi unafunguliwa. Baba alikuwa ameoga, amevaa kanzu na koti la suti, amekaa ukingoni mwa kitanda magoti pamoja. Niliegemeza simu kwenye birika la chai. Yule mzee akatokea, nyuma yake ukumbi umejaa, mabenchi, watu wazima wenye kofia na fimbo, wengine wameleta vyeti vilivyochakaa ndani ya mifuko ya nailoni. Alikuwa amesafiri kwa treni tangu juzi yake.

"Nimekushikia nafasi," akasema, akageuza simu ili tuone. Pembeni yake kwenye benchi alikuwa ameweka kofia yake.

Foleni ilisogea. Alipofika mezani, mjukuu wake wa kike akamwelekezea ofisa simu. Ofisa alikuwa binti mdogo, mwenye adabu.

"Shikamoo, mzee," akamwamkia baba.

"Marahaba, mama. Ni mimi. Huyo aliyesimama mbele yako tulikuwa wote."

"Asante, mzee. Lakini lazima ufike mwenyewe."

Nikaingiza uso wangu kwenye kioo. Nikamwamkia, nikajitambulisha, nikataja stashahada, nikataja barua niliyotuma.

"Niliiona, kaka," akasema. "Huu muhuri ni wa nani?"

"Wa kampuni yangu. Ni muhuri rasmi. Huku—"

"Kampuni inafanya nini?"

"Inasafirisha mizigo."

"Sasa kampuni ya mizigo imejuaje kama mzee alikwenda vitani?"

Katika maisha yangu yote ya kuzungumza na maofisa, kwa lugha tatu, sikuwahi kuulizwa swali hilo.

"Basi mimi niandike," yule mzee akasema, ameegemea meza. "Mimi nimefika. Miguu hii hapa."

"Shahidi wako nani, babu?"

"Huyo kwenye simu."

"Akifika nitakuandika. Mpaka saa tisa tupo." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyekwisha kuyasema hayo mara nyingi asubuhi ile.

Tulidhani yule mzee atakwenda zake. Hakwenda. Alirudi kwenye benchi, akainua kofia, akakaa, akairudisha kofia palepale pembeni. Mjukuu akamshikia simu.

"Amesema mpaka saa tisa," akamwambia baba. "Wewe Mnyamwezi unatembea sana. Labda utawahi."

"Nimeshafika Kahama," baba akasema.

"Kahama! Umepitia wapi, mjinga wewe? Kwani China iko upande huo?"

Wakaendelea hivyo saa nzima, na saa ya pili. Mimi nilichomeka chaji, nikawachemshia chai ambayo mmoja wao asingeweza kuinywa. Wakaanza kuwataja watu wa lile lori. Mmoja anataja jina, mwingine anaongeza alikuwa akikaa wapi ndani ya lori, alikuwa akiimba nini, alikufia wapi. Kulikuwa na kijana mmoja aliyekuwa na kuku aliyeapa hatamchinja mpaka warudi. Kulikuwa na aliyejua kusoma, akiwasomea wote barua zao, na akiona habari mbaya anabuni nzuri. Mimi nilikuwa sijawahi kusikia hata jina moja. Miaka arobaini na kitu, na baba alikuwa hajanisimulia kwa sababu mimi sikuwa mtu wa kusimuliwa. Alikuwapo mtu mmoja tu wa kumsimulia, na huyo alikuwa amekaa kwenye benchi Tabora.

Ukumbi nyuma ya yule mzee ulizidi kupungua watu. Nilishindwa kuvumilia. Nikachuchumaa karibu na kitanda, nikasema kwa sauti ya chini:

"Baba, hizo pesa nitakupa mimi. Mara mbili. Na yeye nitampa. Kila mwaka."

Baba akanigeukia. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. "Mara mbili ya nini?" akauliza, akasubiri kweli nimjibu, kisha akarudi kwenye simu.

Saa tisa yao, saa mbili usiku yetu, tulisikia viti vinakunjwa. Yule mzee akavaa kofia yake. "Haya," akasema. "Nimekusubiri kama mwanamke. Ukirudi utanilipa mbuzi."

"Mbuzi mkubwa," baba akasema.

"Na mwambie huyo msomi wako simu yake nzuri. Nimekuona mpaka meno. Umebakiwa na machache."

Hawakuwa wamegombana, hawakuwa wamelia. Simu ilipozima baba alivua koti, akalitundika, akaniambia ana njaa.

Aliondoka Jumanne. Alipofika alipumzika siku mbili, akaanza kupanga safari ya kwenda kwa mwenzake na mbuzi wake, lakini mvua zilikuwa zimekata njia ya reli na mabasi hayakupita. Wiki ya sita akapata habari kwamba mwenzake amefariki. Alikwenda mazishini kwa pikipiki tatu za kubadilisha, mzee wa miaka sabini. Dada yangu aliyefuatana naye alinisimulia. Walipofika, jeneza likiwa karibu kushushwa, baba aliingia mwenyewe ndani ya kaburi kama mtani anavyotakiwa, akalala chali, akasema hatoki mpaka alipwe, kwamba anamdai huyu Mzaramo siku nzima ya benchi. Watu wakacheka, wakamrushia sarafu. Alipolipwa wakanyoosha mikono kumtoa, hakuishika. Dada anasema walikaa wamenyoosha mikono muda mrefu, na kicheko kikaisha.

Mwaka uliofuata wilaya ilifungua siku nyingine kwa waliokosa. Nilipanda ndege kutoka Guangzhou kwa ajili ya siku ile moja, nikamvalisha baba mwenyewe, nikamfikisha ukumbini saa moja asubuhi, wa kwanza kwenye mstari. Ofisa alikuwa mwingine. Akauliza jina, umri, kikosi, shahidi.

"Shahidi hayupo," baba akasema.

Nikaanza kueleza. Nikatoa mkoba wangu. Baba akaniwekea mkono juu ya mkoba ule.

"Kaa, mwanangu," akasema. Kisha akamwuliza ofisa kama anaweza kumwandika mwenzake, kwamba yeye amefika kumshuhudia. Ofisa akasema wanaandika walio hai. Baba akasema anaelewa. Akamshukuru, akamwombea kazi njema, tukarudi nyumbani kwa miguu, ingawa nilikuwa nimekodi gari.

Nimerudi Guangzhou. Kazi inakwenda vizuri. Mwaka huu nimepandishwa, ninasimamia mizigo yote ya Afrika Mashariki, na Wachina wanne wako chini yangu. Nyumba nimehamia kubwa zaidi, ina chumba cha ziada kinachotazama mashariki, na kitanda nimeshakinunua. Kila nikizungumza na baba namwambia aje. Husema tutaona. Ananiuliza hali ya hewa, ananiuliza kama nakula. Hajawahi kunilaumu, wala sijawahi kumwomba radhi, kwa sababu sijui niombe kwa lugha gani kati ya zote ninazozijua.

Wiki iliyopita nilimpigia saa ya chakula, nikiwa nimeketi mgahawani kwa Mzanzibari. Nilikuwa nikimsimulia cheo kipya, habari ya Wachina wanne, na yeye akiitikia vizuri, akicheka panapostahili. Halafu akanikatiza, jambo ambalo hafanyi.

"Na huko unao wenzako?"

"Wapo wengi, baba."

"Watu waliokuwepo na wewe tangu mwanzo. Wakati wa zile ngazi."

"Wapo."

"Nitajie."

Nilitazama mgahawani. Wengi niliobeba nao mifuko walirudi kwao wakati wa ugonjwa, namba zao haziiti tena. Wa sasa wananijua kwa cheo. Mama Mzanzibari alikuwa kaunta, anamgombeza Mchina wa gesi kwa maneno ya Kichina ambayo nilimfundisha mimi, miaka mingi iliyopita, wakati mgahawa wake ulikuwa jiko moja na sufuria mbili na mimi nikila kwa mkopo.

Nikamtajia baba jina la yule mama.

"Vizuri," akasema. Akabaki kwenye simu, bila haraka, akingoja jina la pili.